Fox Theatre ya Atlanta: Jumba la Sinema Lililoponea Chupuchupu

Fox Theatre, jumba la sinema na maonyesho lililoko Mtaa wa Peachtree mjini Atlanta, Marekani, halikukusudiwa kuwa la sinema. Lilianza kujengwa kama makao ya Shriners, chama cha udugu chenye uhusiano na Freemasons. Chama hicho si cha Waislamu, lakini kilivutiwa mno na usanifu wa nchi za Kiislamu. Wasanifu wa Marye, Alger and Vinour walichora kuba, minara na matao, kisha ndani wakachanganya nakshi za Kiarabu na michoro ya Misri ya Mafirauni. Gharama zikawaelemea wenye chama, na ili kazi imalizike wakaukodisha ukumbi kwa William Fox, tajiri wa filamu.

Jumba lilifunguliwa tarehe 25 Desemba 1929, miezi miwili baada ya soko la hisa la New York kuporomoka. Mwaka 1932 likafilisika, na milango ikafungwa hadi katikati ya muongo huo.

Ukumbi wenyewe, wenye viti zaidi ya 4,600, umejengwa kwa mfano wa ua wa kasri usiku. Dari ni anga ya buluu yenye nyota 96 za fuwele zinazowaka taa kwa nyuma. Thuluthi moja humetameta, na mashine hurusha mawingu yanayopita polepole juu ya watazamaji. Mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba nyota mojawapo ni kipande cha chupa ya Coca-Cola, kinywaji kilichozaliwa mjini humo. Juu ya roshani limetandazwa turubai kubwa la mistari, kama hema la Mabedui. Si kitambaa: ni plasta iliyoshikiliwa na nondo za chuma, na kazi yake ni kuielekeza sauti hadi viti vya nyuma kabisa. Hapo ndipo ustadi wa wasanifu hawa unapodhihirika, kwa kuwa pambo lenyewe ni chombo cha sauti.

Kinanda chake kiitwacho Mighty Mo, kilichotengenezwa na kampuni ya Möller, kina filimbi 3,622. Kiliwahi kunyamaza kwa miaka mingi hadi fundi Joe Patten alipokifufua mwaka 1963.

Fahari hiyo haikuwa ya wote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Waamerika Weusi walipanda kwa ngazi ya nje na kuketi juu kabisa, wakitengwa na Wazungu. Historia ya jumba hili haikamiliki bila ngazi hiyo.

Baadaye televisheni na sinema mpya za vitongojini ziliwavuta watazamaji. Mwaka 1974 kampuni ya simu ya Southern Bell ilitaka kununua kiwanja, ivunje jumba na kujenga makao yake makuu. Wakazi walipinga kwa nguvu, na Meya Maynard Jackson akasimamisha kwa muda utoaji wa vibali vya kubomoa. Muda huo ndio uliookoa jengo. Shirika lisilo la faida la Atlanta Landmarks lilikopa dola milioni 1.8, na mwaka 1975 likalipata jumba. Southern Bell ikajenga mnara wake kwenye viwanja vya jirani. Maonyesho yakarejea, michango ikamiminika, na mwaka 1978 deni likawa limelipwa lote.

Ukarabati haukufanywa kwa mkupuo. Rangi, nakshi, mazulia na samani vilirejeshwa kidogo kidogo kwa kufuata sura ya awali, huku maonyesho yakiendelea na mapato yake yakigharimia kazi. Aprili 1996 moto ulizuka. Patten, ambaye alikuwa akiishi ndani ya jengo hilohilo, aliugundua mapema na kuwaita wazimamoto kabla haujafika ukumbini.

Leo Fox hupokea tamthilia za muziki, matamasha na filamu za kiangazi. Kupitia taasisi yake, mafundi na wasimamizi wake husaidia pia majumba ya kale ya miji midogo ya Georgia kukarabatiwa na kufunguliwa tena.