Shawa ikichuruza maji, pampu isilaumiwe mapema

MWENYE nyumba wa Pap Onditi, eneo la Nyakach katika Kaunti ya Kisumu, anapofungua shawa na kuona maji yakichuruzika huku pampu ikinguruma, hudhani papo hapo kwamba pampu imekufa. Mara nyingi sivyo, na haraka ya kununua nyingine huishia kwa hasara.

Maji yashukayo kutoka tangini hupata nguvu kutokana na kimo: kila mita 10 huleta msukumo wa takriban baa 1. Tangi lililoinuliwa mita 3 juu ya shawa hutoa baa 0.3 pekee. Pampu ndiyo huongeza nguvu inayopungua.

Uchunguzi uanzie bafuni, kwani huko hakuna gharama. Kichwa cha shawa kifunguliwe. Kikiwa kile cha kupasha maji kwa umeme, swichi yake izimwe kwanza na fundi ndiye akifungue. Maji yaachwe yajaze ndoo ya lita 10. Ikijaa kabla ya dakika moja, kasoro imo kichwani, ambamo matundu yameziba. Kukiloweka katika siki na kukisugua kwaweza kutosha.

Ndoo ikichelewa kujaa, itazamwe njia ya kutoka tangini: kiasi cha maji, koki iliyofunguliwa nusu, kisha chujio la pampu. Wakati wa mvua mito hubeba matope, nayo maji ya paani huja na vumbi na majani. Uchafu huo hutuama tangini na kuziba chujio. Kabla ya kulisafisha, umeme uzimwe kwenye swichi kuu na koki ifungwe.

Tangi lililokauka likajazwa tena huacha hewa ndani ya bomba, na pampu huzunguka bure. Hewa hiyo itolewe mara moja, kwani pampu izungukayo bila maji huunguza sili inayoyazuia yasifike kwenye mota. Hapo ndipo pampu nzima huharibika kweli.

Wengine huiunganisha pampu moja kwa moja na bomba la mtaa. Hilo ni kosa: huwapokonya majirani maji, tena huweza kufyonza uchafu kupitia nyufa za mabomba.

Yote hayo yakikaguliwa bila mafanikio, fundi apime umeme unaofika kwenye mota, ambao nchini Kenya ni volti 240. Ukiwa sawa na maji bado ni hafifu, ndipo pampu ifunguliwe au ibadilishwe.