Riziki ya Kalamu ya Kujitegemea

Mwaka 1900 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, watengenezaji wa matairi wa mji wa Clermont-Ferrand, walitoa kitabu kidogo cha madereva, wakachapa nakala zipatazo 35,000 na kuzigawa bure, ilhali motokaa za nchi nzima wakati huo hazikufika 3,000. Ndani yake mlikuwa na ramani, maelezo ya kubadili tairi, na habari za mahali pa kupata petroli, fundi na malazi. Na muradi wao ulikuwa wa halali kabisa, kwani kadiri watu walivyojua njia na pa kulala ndivyo walivyothubutu kwenda mbali, na kadiri walivyokwenda mbali ndivyo matairi yalivyolika wakanunua mapya.

Nimetanguliza kisa hiki kwa sababu vijana wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi leo hutafuta riziki kwa kuwaandikia wafanyabiashara makala za tovuti na vijitabu vya maelezo, bila ya kuajiriwa na yeyote miongoni mwao, na aghalabu huingia katika kazi hii wakidhani kwamba mwandishi wa biashara ni mpiga zumari wa tajiri, hana jukumu ila kusifu. La hasha. Makala humfaa msomaji kwanza, na muuzaji hupata faida yake baadaye, kwa imani aliyokwisha kuijenga.

Chukua mathalani duka la vifaa vya umeme wa jua. Mwandishi asiye na maarifa ya kazi ataandika kwamba betri zake ni imara, za kisasa na za bei nafuu, maneno ambayo duka la jirani nalo limeyaandika. Mjuzi ataketi na fundi wa duka, amwulize ni malalamiko gani wateja huyarudia kila siku, kisha aeleze kwa nini taa huzimika usiku wa manane hali betri ni mpya: pengine paneli imefunikwa na vumbi, pengine kivuli cha mwembe huiangukia tangu alasiri, pengine mwenye nyumba ameongeza friji bila kuongeza betri. Aliyepata jawabu hilo bila kulipa senti, siku atakapohitaji paneli ya pili hatauliza pa kwenda. Naamini kwa dhati kwamba saa moja ya kuuliza namna hiyo yashinda wiki nzima ya kutafuta maneno ya kupendeza.

Walakini ufasaha haumlishi mtu asiyejua kufanya mapatano. Kabla ya neno la kwanza kuandikwa, hati fupi, hata ikiwa ni barua pepe, yapasa itaje urefu wa makala, siku ya kuikabidhi, idadi ya masahihisho yaliyomo ndani ya ujira, na arbuni itakayotangulia, ambayo kwa mteja mgeni naona haifai kuwa chini ya nusu. Asiyeweka mpaka wa masahihisho huandika makala moja mara nne kwa malipo ya mara moja. Huo ni udhalimu, ingawa yamkini mteja mwenyewe hajui kwamba anadhulumu. Hakimiliki nayo isisahauliwe: nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huihesabu haki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wamepatana vingine, basi anayetaka kuichapa tena makala yake hana budi kuyaandika hayo katika mapatano.

Kuandika bure kwa ahadi ya kujulikana sikukubali. Anayeanza hana cha kuonyesha, ni kweli. Na aandike makala mbili tatu kwa jina lake mwenyewe, juu ya jambo moja alijualo sana, kilimo, afya au ujenzi, azipeleke kwa wenye biashara ya jambo hilohilo. Cha bure hudharauliwa: hata hao ndugu wa Clermont-Ferrand walianza kukiuza kitabu chao mwaka 1920, na husimuliwa kwamba ni baada ya André kukuta nakala zake zimetumiwa kutegemeza meza katika karakana.

Mteja mmoja akishapatikana na kuridhika, ni heri kumwomba mapatano ya kila mwezi kuliko kungoja agizo moja moja, lakini asiachiwe kushika zaidi ya nusu ya mapato yote. Ankra nayo ipelekwe siku ileile kazi inapokabidhiwa, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kulipa na namba ya kupokelea fedha, kwa maana kampuni nyingi hulipa mwisho wa mwezi, na ankra iliyochelewa kwa siku moja yaweza kulala mezani hadi mwezi wa pili.