Mpini wa Mfupa na Msasa Uliolowa

Msasa ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijarithi jina lake. Kwa mpini wa kisu wa mfupa wa ng'ombe, karatasi hiyo ya msasa na bakuli la maji vinatosha.

Mfupa si jiwe. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfati. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni kolajeni, protini iliyomo pia katika ngozi na kano. Madini huupa ugumu, kolajeni huuzuia usipasuke kama kigae. Kwa hiyo usiutie dawa ya klorini ya kufulia ili uwe mweupe: huila kolajeni, na mpini huanza kumeguka. Osha mafuta kwa sabuni na maji vuguvugu, kisha tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Kuuchemsha kwa muda mrefu nako huigeuza kolajeni kuwa jelatini.

Ukisugua kwa mashine ukasikia harufu ya nywele zinazoungua, hiyo ni kolajeni inayoungua. Hapo mfupa unaharibika, na wewe unavuta vumbi lake. Chembe zisizofika mikroni 5 hupenya hadi vilindi vya mapafu. Ukisugua kwa mkono, maji huyazuia yote mawili: hupoza mfupa na kulikamata vumbi. Hata hivyo vaa barakoa ya N95 au FFP2. Ya kitambaa haitoshi. Usiloweke mpini, na usisogeze maji karibu na mashine ya umeme.

Na mfupa wenyewe umetoka wapi? Mafundi wa Kibera, Nairobi, hutengeneza shanga na vipuli kwa mifupa ya machinjioni. Nawe nunua panapokaguliwa nyama. Usiokote mfupa wa mnyama aliyejifia porini, kwani mbegu za kimeta hudumu miaka mingi, na kusugua huzirusha hewani.

Anza na msasa uliolowa wa namba 220, kisha 400, 800 na 1500. Kila namba isugue kukingama na iliyotangulia mpaka mikwaruzo ya kwanza ipotee. Usiruke hata moja. Mkwaruzo ulioachwa na 220 hautafutwa na 1500, utang'aa tu pamoja na mfupa. Vitone vyeusi vikibaki, viache. Ni mifereji midogo iliyopitisha mishipa ya damu, na kwangu ndiyo nakshi nzuri kuliko zote. Mpini ukikauka, paka nta ya nyuki, usugue kwa kitambaa.

Gurudumu la kung'arishia ndilo ninaloliogopa zaidi. Likinasa makali humnyang'anya fundi kisu na kukirusha kufumba na kufumbua. Mwenye subira halihitaji. Ukilazimika kulitumia, funga makali kwa kadibodi na utepe mzito kwanza. Ukimaliza kazi, futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie.