Tusimhukumu kijana kwa damu ya babake

Kijana akikamatwa kwa wizi au kwa kumkata mwenzake panga, iwe Njukini au popote Taita Taveta, hakosi mtu wa kusema: mtoto wa nyoka ni nyoka. Babake alikuwa hivyo, na babu yake vilevile. Hukumu hiyo hutoka kabla ya kesi kufika mahakamani, na mdogo wake asiye na kosa huibeba hadi darasani.

Kweli, damu ina sehemu yake. Mwaka 2002, watafiti Soo Rhee na Irwin Waldman walijumlisha tafiti 51 za mapacha na watoto wa kulea. Waligundua kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 41 ya tofauti za watu katika ukatili na uvunjaji wa sheria. Sehemu kubwa zaidi inatokana na mazingira: nyumba, marafiki na yanayompata kila mtoto peke yake.

Mwaka huohuo, Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walitoa matokeo ya utafiti wa watoto waliozaliwa Dunedin, New Zealand, miaka ya 1972 na 1973. Wavulana wenye aina dhaifu ya jeni iitwayo MAOA ambao pia waliteswa utotoni walikuwa asilimia 12 tu ya wavulana wote, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu za makosa ya ukatili. Wenye jeni hiyohiyo waliolelewa bila mateso hawakuelekea huko. Tafiti za baadaye zimetofautiana kuhusu jeni hiyo, lakini madhara ya kumtesa mtoto yameonekana tena na tena.

Kwa hiyo mzazi anayempiga mwanawe hadi kumjeruhi, akidai anamtoa ukorofi wa ukoo, huenda ndiye anayeuchochea.

Mazingira hayo tumejaribu kuyabadilisha kwa sheria. Mei 2024, kaunti yetu iliungana na Mombasa na Kilifi kupiga marufuku muguka, majani ya kulevya yanayotafunwa, mzozo ukaishia mahakamani. Marufuku pekee hailei mtoto. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, ikitambua kwamba mtoto bado anafinyangwa.

Wazazi, walimu, machifu, maimamu na wachungaji wa Njukini, damu ya mtoto hatuwezi kuibadilisha. Fimbo tunaweza kuiweka chini, na aliyekosea tunaweza kumrudisha shuleni. Tuanze na hayo.