Swichi ya PCIe na Hifadhi ya Leso za Mtaa wa Biashara

Mtaa wa Biashara, ulioko kisiwani Mombasa upande wa Barabara ya Digo na karibu na soko la Marikiti, umejulikana kwa vizazi kadhaa kuwa kitovu cha biashara ya leso katika pwani ya Kenya, na miongoni mwa leso zilizopata umaarufu kutoka hapo ni zile zenye chapa ya Mali ya Abdulla, za duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo historia yake huanzia mwaka 1887. Kila leso ina pindo lake, mji wake na jina lake, yaani ule usemi uliochapwa chini ya mji, na kwa kuwa kitambaa huvaliwa, hufuliwa na hatimaye huchakaa, toleo ambalo halikuhifadhiwa mahali hupotea pamoja na usemi wake. Mwenye duka, mkusanyaji au mtafiti anayeamua kuhifadhi michoro hiyo katika kompyuta iliyoko nyumbani kwake hufikia ukomo wa mashine hiyo mapema kuliko anavyotazamia, na mara nyingi kinachokwisha kwanza ni matundu ya kuchomekea diski, wala si fedha za kununulia diski zenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Leso moja yenye urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1.1, ikipigwa picha kwa ukali wa nukta 300 kwa kila inchi, huzaa picha yenye nukta zipatazo milioni 230, na kwa kuwa kila nukta huhitaji baiti tatu za rangi, faili isiyobanwa hukaribia megabaiti 690. Michoro 2,000 ya namna hiyo hufikia terabaiti 1.4, na anayehifadhi rangi kwa kina maradufu, kama wafanyavyo wanaotarajia kuchapisha upya, hufikia terabaiti 2.8. Kwenye kompyuta hiyohiyo, ambayo sasa ni seva ya nyumbani, huwekwa pia picha za kamera za ulinzi wa duka, ambazo hula nafasi kubwa zaidi: kamera moja inayotuma megabiti nne kwa sekunde hujaza gigabaiti 43.2 kwa siku, na kamera nane zikihifadhiwa kwa siku 30 huhitaji terabaiti 10.4. Ukiongeza diski za ziada zinazobeba taarifa za kufufulia data pindi diski moja inapokufa, mahitaji ya anayetumia diski ndogo huweza kufika diski sita au nane bila anasa yoyote.

Mashine inayotumika kwa kazi hii aghalabu ni kompyuta ya ofisini iliyokwisha tumika na kuletwa kutoka Ulaya, na chaguo hilo lina busara kwa sababu mashine hizo ni imara na hazili umeme mwingi. Kasoro yake ni kwamba ubao mama, yaani bamba kuu linalobeba prosesa na kuunganisha viungo vyote, kwa kawaida huwa na matundu matatu au manne tu ya SATA, ambao ndio mfumo wa kawaida wa kuunganishia diski ngumu. Upanuzi hauna budi kupitia sloti za PCIe, ambazo ni mianya mirefu ya kupachikia kadi. Mfumo wa PCIe, ulioanza mwaka 2003, husafirisha data kwa njia zinazohesabika: sloti huwa na njia 1, 4, 8 au 16, na kila njia hubeba kiasi maalumu kulingana na kizazi chake. Njia moja ya kizazi cha pili hubeba megabaiti 500 kwa sekunde, ya kizazi cha tatu hubeba takriban 985, na ya kizazi cha nne takriban 1,970. Prosesa za kawaida za nyumbani zina njia chache, nyingi zikiwa na kati ya 16 na 24, na vifaa vinavyopitia chipseti, yaani chipu msaidizi iliyo kwenye ubao mama, hugawana kiungo kimoja cha kufikia prosesa hata kama kila kimoja kina sloti yake.

Hapa ndipo swichi ya PCIe inapoingia. Swichi ni chipu yenye mkono mmoja unaoelekea kwenye prosesa na mikono kadhaa inayoelekea kwenye vifaa, na kazi yake ni kusoma anwani ya kila kifurushi cha data na kukipeleka kinakotakiwa, hivi kwamba sloti moja ya ubao mama huweza kuhudumia kadi au diski nyingi zinazojitegemea. Mfumo endeshi hauhitaji programu ya ziada ili kuitambua, na ucheleweshaji unaoletwa na swichi hauzidi sehemu ndogo ya mikrosekunde, muda ambao hauna uzito wowote mbele ya diski ngumu inayohitaji milisekunde kadhaa ili kuufikisha mkono wake wa kusomea mahali panapotakiwa. Swichi za aina hii zilienezwa sana na kampuni ya PLX, iliyonunuliwa mwaka 2014 na kampuni ambayo leo huitwa Broadcom, na sasa zipo pia za ASMedia, ambazo hutumika katika kadi nyingi za bei nafuu.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka, na ambalo ndilo kiini cha suala zima, ni kwamba swichi haizalishi uwezo mpya wa kupitisha data. Inaugawa uwezo uliopo kwenye mkono wake wa juu, kama vile kuongeza safu za magari yanayosubiri Likoni kusivyoongeza feri. Swichi yenye njia nne za kizazi cha tatu kuelekea kwenye prosesa haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 3,940 kwa sekunde, hata kama chini yake kuna njia kumi na sita. Hata hivyo swichi ina faida moja ambayo adapta ya kawaida haina: kila mkono hukubaliana na kifaa chake kasi na idadi ya njia peke yake. Kadi ya zamani ya kuunganishia diski, ya kizazi cha pili na yenye njia nane, ikipachikwa moja kwa moja kwenye sloti ya njia nne ya kizazi cha tatu, hufanya kazi kwa njia nne za kizazi cha pili na kupata megabaiti 2,000, ilhali ikiwa nyuma ya swichi inayoipa njia zake zote nane, huweza kupata karibu mara mbili ya kiasi hicho kupitia sloti hiyohiyo.

Kabla ya kununua kifaa hicho, mwenye seva anapaswa kujua mahali panapobana katika mfumo wake. Diski ngumu ya kisasa husoma kwa takriban megabaiti 200 kwa sekunde, kwa hiyo diski nane zikisoma kwa pamoja huhitaji megabaiti 1,600, na ile kadi ya zamani yenye megabaiti 2,000 tayari inazitosheleza bila swichi. Mtandao wa nyumba nyingi nao ni wa gigabiti moja, ambayo baada ya gharama za usafirishaji hubaki kama megabaiti 118 kwa sekunde, kasi ambayo diski moja peke yake huipita. Anayefungua picha ya leso akiwa sebuleni hatatambua tofauti kati ya sloti ya njia moja na ya njia kumi na sita.

Tofauti hujitokeza diski inapokufa. Diski mpya inapowekwa, seva husoma diski zote zilizosalia kwa wakati mmoja ili kuijaza, na hapo ndipo wembamba wa njia hugeuka kuwa hatari ya kweli. Diski nane za terabaiti nane zikiwa zimebanwa kwenye njia moja ya kizazi cha pili, kila moja hupata megabaiti 62.5 kwa sekunde, na ujenzi upya huchukua zaidi ya saa 35. Diski hizohizo zikipewa nafasi ya kusoma kwa megabaiti 200, kazi hiyo humalizika kwa muda wa saa 11 hivi. Katika mji ambao umeme hukatika, saa 24 za ziada ambazo diski zote hufanya kazi kwa nguvu huku kinga ikiwa imepungua au imetoweka si jambo la kupuuzwa, na ni sababu hii, kuliko nyingine yoyote, inayompasa mnunuzi kuhesabu njia za sloti yake.

Kwa diski ngumu, basi, chaguo la kwanza si swichi bali kidhibiti cha diski, yaani kadi inayogeuza njia za PCIe kuwa matundu ya SATA. Chipu ya ASM1166 hutoa matundu sita kwa njia mbili za kizazi cha tatu, na JMB585 hutoa matano kwa njia mbili kama hizo. Zote mbili hutosheleza diski zake na hutumia umeme kidogo. Zipo pia kadi za seva zenye chipu ya LSI, kwa mfano SAS2008 na SAS3008, ambazo kwa kebo mbili zinazotawanyika mara nne nne huunganisha diski nane. Kadi hizi ni imara sana, ila zinapaswa kuwekwa programu dhibiti ya hali inayoitwa IT, ambayo huiachia kompyuta ione kila diski ilivyo bila kadi kujitwalia kazi ya kuzipanga, kwa sababu data iliyopangwa na kadi yenyewe huenda ikahitaji kadi ya ukoo huohuo ili isomeke siku kadi inapoharibika.

Kinachostahili kuepukwa ni kadi yenye matundu kumi, kumi na sita au hata ishirini inayochomekwa kwenye sloti ya njia moja. Nyingi za kadi hizo hazina swichi ya PCIe ndani yake, bali zina kidhibiti kimoja kidogo na vizidishi vya SATA, ambavyo ni chipu zinazolifanya tundu moja la SATA lihudumie diski tano kwa zamu. Kwa macho hazitofautiani na kadi yenye swichi halisi na vidhibiti viwili nyuma yake, lakini katika kazi tofauti ni kubwa mno: diski moja ikikwama nyuma ya kizidishi, kuiamsha upya huweza kuzikatiza jirani zake zote, na mfumo unaolinda data huhesabu kwamba diski tano zimekufa kwa mpigo. Kadi ya namna hiyo haifai kukabidhiwa kumbukumbu ambayo asili yake imekwisha chakaa. Vikasha vya USB navyo vinafaa kubebea nakala tu, si kwa diski zinazofanya kazi pamoja mchana na usiku.

Swichi hupata nafasi yake halali katika hali mbili. Ya kwanza ni pale mashine inapokuwa na sloti moja tu yenye njia za kutosha ilhali mwenyewe anahitaji kidhibiti cha diski na kadi ya mtandao wa kasi kwa pamoja. Ya pili ni ya diski za NVMe, zisizo na sehemu zinazozunguka, ambazo kila moja hutumia njia nne za PCIe moja kwa moja. Ubao mama fulani huweza kuigawa sloti ya njia 16 kuwa makundi manne ya njia nne, na hapo adapta rahisi isiyo na chipu yoyote hutosha. Lakini mgawanyo huo hutegemea prosesa na programu ya BIOS, na mashine nyingi za ofisini haziuruhusu, hivyo adapta hiyo ikiwekwa humo huonekana diski moja tu. Kadi yenye swichi haihitaji ruhusa hiyo. Kuhusu tundu la M.2, ikumbukwe kwamba M.2 ni umbo tu la kiunganishi: baadhi ya matundu hayo yana njia za PCIe na mengine yana SATA pekee, na adapta ya kuongeza matundu hufanya kazi katika aina ya kwanza tu.

Joto la Mombasa, ambalo mchana wa Januari hadi Machi hupita nyuzi 30 za Selsiasi, huongeza sharti lake. Kadi za LSI na swichi kubwa hula takriban wati 10 au zaidi, nazo zilibuniwa kwa ajili ya masanduku ya seva yenye upepo mkali, kwa hiyo katika kompyuta ya ofisini zinahitaji feni ndogo inayoelekezwa moja kwa moja kwenye alumini yake ya kupozea. Wati hizo 10 zikitumika mwaka mzima ni uniti 87.6 za umeme, gharama ambayo inapaswa kuingizwa katika bei ya kadi. Hewa ya bahari yenye chumvi na unyevu huharibu viunganishi taratibu, kwa hiyo seva isiwekwe dirishani.

Umeme wa diski zenyewe huhitaji uangalifu zaidi kuliko yote yaliyotangulia. Diski ngumu inapoanza kuzunguka huvuta ampea mbili hivi kwenye waya wa volti 12, na kiunganishi cha umeme cha SATA kimewekewa kikomo cha ampea 4.5 kwenye waya huo, maana yake ni kwamba kebo inayogawa kiunganishi kimoja kwa diski nne hutakiwa kubeba ampea nane kila seva inapowashwa. Plastiki yake huyeyuka, na moto wa kweli umewahi kutokea kwa sababu hii, hasa kwa adapta ambazo nyaya zake zimefinyangwa ndani ya plastiki moja. Katika nyumba iliyo juu ya duka lililojaa vitambaa, hatari hiyo haina haja ya kuelezwa zaidi: kila diski mbili zipewe waya wake kutoka kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta.

Anayenunua kadi iliyokwisha tumika aombe ipachikwe kwenye mashine kabla ya kulipa, kisha katika mfumo wa Linux atoe amri ya lspci -vv na kusoma mistari miwili: LnkCap, unaoonyesha uwezo wa kadi, na LnkSta, unaoonyesha kasi na idadi ya njia zilizopatikana kweli. Ikiwa mstari wa pili uko chini ya wa kwanza, na sloti si ndiyo sababu, kadi hiyo irudishwe kwa mwenyewe.