Je, Wajua? Oksijeni ya Ziada Nayo Huweza Kumdhuru Mtoto Mchanga
Mtoto anayezaliwa bila kupumua hupungukiwa na oksijeni, na seli za ubongo wake huanza kufa baada ya dakika chache. Lakini madhara hayaishii hapo, kwa kuwa saa kadhaa baada ya damu yenye oksijeni kurejea kwenye ubongo, wimbi la pili la uharibifu huweza kuanza hata kwa mtoto aliyeonekana kupata nafuu. Kwa miongo mingi mtoto wa namna hiyo alipewa oksijeni tupu, yaani ya asilimia 100, hadi ilipobainika kuwa ziada hiyo huzalisha molekuli zisizo tulivu, ambazo hushambulia seli zilizokwisha kudhoofika. Tangu 2010, miongozo ya kimataifa inapendekeza kwamba mtoto aliyetimiza miezi ya kuzaliwa aanze kusaidiwa kwa hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21 tu. Hakuna haja ya kuharakisha kupandisha oksijeni, kwani hata kwa mtoto mwenye afya njema, dakika moja baada ya kuzaliwa, damu hubeba takribani asilimia 60 hadi 65 ya oksijeni inayoweza kubeba. Ni jambo la kutia moyo sana, hasa kwa zahanati zisizo na mitungi ya oksijeni, kwamba mfuko wa kupulizia hewa na barakoa yake, vikitumiwa ndani ya dakika ya kwanza, huwatosha wengi wa watoto wanaozaliwa bila kupumua.