Milima Haikutani: Askari wa Zamani na Amana za Wenzao

Wahenga wetu walisema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Maneno haya sote huyasema, na aghalabu huyasema kwa furaha, tunapokumbana sokoni na mtu tuliyemdhani yuko mbali. Lakini wako watu ambao maneno haya huwagusa zaidi ya wengine, nao ni askari wa zamani. Mtu aliyelala na mwenzake katika handaki moja, wakagawana maji ya chupa moja, kisha wakaagana bandarini bila ya kujua kama wataonana tena, huyo akikutana na mwenzake baada ya miaka mingi huwa amekutana na shahidi wake. Mke hakuwapo, watoto walikuwa hawajazaliwa, na wazee wa mji hawakuona. Aliyeona ni yule mmoja tu.

Basi mwezi huu tunapenda, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya ushahidi huo, na juu ya haki za watu waliotangulia ambazo zimefungwa ndani ya vifua vya wazee wetu.

WATU WA KEYA

Jeshi la King's African Rifles liliundwa na Waingereza mwaka 1902. Watu wetu walilitamka kwa herufi zake tatu, nalo likawa "Keya". Katika Vita Vikuu vya Pili Keya iliwakusanya vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, nchi ambayo leo inaitwa Malawi. Wengi wao hawakuwahi kuvuka mipaka ya wilaya zao. Walipelekwa Uhabeshi mwaka 1941, wakapelekwa Bukini mwaka 1942, na hatimaye wakavushwa bahari hadi Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kwa mafunzo ya vita vya Burma.

Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, Kiswahili cha kambini, chenye sarufi iliyovunjika na amri fupi fupi. Wasemaji wa pwani walikicheka na kukiita Kikeya. Hata hivyo ndani ya Kiswahili hicho Myao alimfariji Mkamba, na Mnyamwezi akamwusia Mganda habari za watoto wake.

Safari yenyewe ilikuwa mtihani. Mwanzo wa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 ya mwezi ule, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli ya Khedive Ismail, ikazama katika muda wa dakika chache tu. Walikufa watu wapatao 1,297, na katika hao walikuwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Hao hawana kaburi ila bahari.

Waliofika walitiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Kuanzia katikati ya mwaka 1944, wakati wa masika makali ya nchi zile, walishuka bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani. Magari yalizama matopeni, na homa iliangusha watu kama risasi. Mnamo Desemba 1944 walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo likajengwa daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350 ili majeshi yavuke. Anayetaka kujua idadi ya waliobaki huko Burma na azuru, kwa macho au kwa picha, makaburi ya Taukkyan karibu na Yangon. Kwenye nguzo za ukumbusho wa mahali pale yamechongwa majina karibu 27,000 ya watu wa majeshi ya Uingereza na makoloni yake ambao makaburi yao hayajulikani, na Waafrika wa Mashariki wamo.

TASBIHI ILIYOKAA KOPONI

Mtaani kwetu Lindi alikuwapo mzee mmoja, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Katika vita alikuwa mbeba machela. Mwenzake wa upande wa pili wa machela alikuwa Myao kutoka upande wa Mangochi huko Nyasaland, Mwislamu kama yeye, na kwa miezi mingi wawili hao walisali pamoja, wakala pamoja na kubeba majeruhi pamoja. Huko bondeni Kabaw yule Myao alishikwa na homa. Usiku wa mwisho alivua tasbihi yake ya kokwa, akamtia mwenzake mkononi, akamwambia ampelekee mama yake. Alfajiri akafariki. Wenzake walimwosha kwa maji ya mvua, wakamkafini kwa shuka, wakamsalia watu saba, wakamzika.

Mzee wetu alirudi kwao mwaka 1946 na tasbihi ile ndani ya kopo la tumbaku. Hakujua kusoma. Alilijua jina la mwenzake na jina la mji, basi. Alipouliza watu wa serikali, aliambiwa kwamba Nyasaland ni nchi nyingine na ina ofisi zake. Miaka ikapita, kopo likiwa darini. Mkewe alisema kwamba kila Ramadhani alikuwa akilishusha, akalifuta vumbi na kulirudisha bila ya kusema neno.

Mwaka 1958 alikuwa Masasi akingoja lori. Akasikia mtu nyuma yake akiwahimiza wapakiaji wa mizigo kwa Kiswahili ambacho hakukisikia tangu vitani. Akageuka, akamtazama mtu yule, na yule akamtazama. Alikuwa mmoja wa wale saba waliosimama kwenye safu ya sala ya jeneza. Kumbe alikuwa mtu wa Tunduru, na biashara yake ilimvusha mto Ruvuma mara kwa mara. Waliokuwapo walisema kwamba wazee wale wawili walikaa chini ya mwembe mpaka lori likaondoka likawaacha.

Tasbihi ilifika Mangochi mwaka ule ule. Baada ya miezi ikaja barua iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mama alikuwa amekwisha kufa. Dada wa marehemu ndiye aliyeipokea amana, naye alieleza kwamba zamani karatasi ya serikali iliwafikia, lakini ilikuwa ya lugha wasiyoijua, na mkalimani aliwaambia neno moja tu, kwamba kijana amekufa. Haikusema amekufa vipi, wala kama aliyezikwa amesaliwa. Mama yao aliishi miaka kumi na miwili akiuliza swali hilo moja, na hakupata wa kumjibu. Mzee wetu aliposomewa barua ile alilia. Alifurahi kwamba amana imefika, lakini alijua kwamba imechelewa miaka miwili.

KILICHOWATENGANISHA

Huenda kijana akauliza kwa nini askari hao hawakutafutana mapema. Sababu ni nyingi, na si haki kuwalaumu.

Waingereza waliopigana Burma walikuwa na chama chao, Burma Star Association, kilichoanzishwa mwaka 1951. Kilidumu hadi mwaka 2020, kikafungwa kwa kuwa wanachama walikwisha pukutika. Walikuwa na majarida na karamu za kila mwaka, na reli ya kuwafikisha. Askari wetu walirudi vijijini, mmoja huku na mmoja kule, wengi bila ya elimu ya kuandika barua, na hata malipo ya kuagwa yalipangwa kwa rangi ya ngozi.

Kisha ikaja mipaka. Brigedi moja ilikuwa imechanganya vikosi vya nchi mbalimbali, lakini uhuru ulipokuja, Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963 na Malawi mwaka 1964, kila nchi ilichukua vikosi vyake na kuvipa majina mapya. Tanganyika Rifles, warithi wa Keya kwetu, lilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na mwezi wa Septemba mwaka ule likaanzishwa Jeshi la Wananchi. Hivyo askari wa zamani akitaka kurudi kwenye kikosi chake kuuliza habari za wenzake, hakulikuta lango alilotokea.

Na iko sababu ya tatu, ambayo ni nzito kuliko hizo. Wengine hawakutaka kukumbuka. Yako mambo ambayo mtu hawezi kumwambia mwanawe, wala hapendi kuyasikia hata akiyasema mwenyewe. Kwa mwenzake wa kikosi hana haja ya kuyasema, maana anayajua. Ndiyo sababu wazee hao wakikutana hunyamaza kitambo kirefu, na katika kimya hicho hupumzika.

HAKI YA RAFIKI WA BABA

Tumepokea katika hadithi iliyosimuliwa na Imamu Muslim kwamba Abdullahi bin Umar, alipokuwa safarini kwenda Makka, alikutana na bedui mmoja njiani. Akamsalimu, akampandisha juu ya punda aliyekuwa akimpanda yeye mwenyewe, na akamvika kilemba kilichokuwa kichwani mwake. Waliofuatana naye wakastaajabu, wakamwambia kwamba mabedui huridhika na kidogo. Ibn Umar akawajibu kwamba baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa baba yake, na kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akifundisha kuwa katika wema ulio bora kabisa ni mwana kuwaunga watu waliopendwa na baba yake.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi wema huu ulivyovuka kizazi. Umar alikuwa amekwisha kufa, na rafiki yake vilevile, lakini mapenzi yao yalibaki kuwa deni juu ya watoto. Basi watoto na wajukuu wa watu wa Keya wasiseme kwamba mambo yamekwisha kwa kuwa wazee wamekwisha. Kopo darini huenda bado lipo.

WAZEE WA KAGERA

Kwa watu wa Burma tumechelewa. Lakini wako wengine ambao kwao bado tuna nafasi. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Jeshi la Wananchi liliongezewa mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na askari magereza, wakulima na wavuvi wa jana, wakaenda mpakani na kuvuka. Kampala ilitwaliwa Aprili 1979, na vita vikamalizika Juni. Pale Kaboya, wilaya ya Muleba, wamelala zaidi ya askari 600 wa Tanzania.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule alizaliwa mwaka 1958. Leo ni mzee mwenye mvi, anakaa safu ya mbele msikitini, na huenda wajukuu wake wanamjua kwa kilimo chake tu. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na askari wa zamani hujipanga na nishani zao vifuani. Wengi wao huitazama siku hiyo kuwa ndiyo nafasi pekee ya kuangaza macho huku na huku kumtafuta fulani. Wengine hawana nauli ya kufika.

YAFANYIKAYO NYUMBANI

Kazi hii haihitaji mali nyingi. Kijana akae na babu yake baada ya sala ya Isha, achukue daftari, aandike namba yake ya jeshi, kikosi, brigedi, miaka, mahali alipopita, na majina ya wenzake pamoja na vijiji vyao. Picha za zamani zigeuzwe, na nyuma yake yaandikwe majina ya waliomo, kabla hajaondoka yule mmoja anayewajua. Vyeti vya kuachishwa kazi na nishani viwekwe pamoja, visichezewe na watoto wala kuuzwa.

Kisha atafutwe mwenzake. Chama cha askari wa zamani, ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya na maimamu wa misikiti ya mji anakotoka mwenzake ni milango ya kubishwa. Simu iliyo mfukoni mwa kijana inaweza kufanya kwa dakika kumi kazi ambayo mzee wetu wa Lindi hakuiweza kwa miaka kumi na miwili. Na kwa waliokufa katika vita vikuu viwili, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inayo daftari la majina, na mtu yeyote anaweza kulitafuta bila ya malipo. Yapo mapungufu: mwaka 2021 Tume ile ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Vikuu vya Kwanza hawakuandikwa majina. Kwa hao, daftari la nyumbani ndilo litakalobaki.

Lakini pawe na adabu. Asiulizwe mzee ameua wangapi. Akinyamaza, aachwe anyamaze. Akisema hataki, asilazimishwe. Na mama wa nyumba, ambaye kwa miaka mingi amemsikia mumewe akishtuka usingizini, asisahauliwe. Siku mwenzake akija kumtembelea, naye ajue ni mgeni wa namna gani, amwandalie kwa heshima, na awaache wawili hao peke yao barazani kwa muda.

Na iwapo mzee anayo amana, iwe kitu au neno la wasia, ichukuliwe sasa ipelekwe. Huenda iko nyumba mahali fulani, Songea au Bukoba, Machakos au Mangochi, ambamo mama mmoja au dada mmoja bado anauliza kama kijana wao alisaliwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie sisi tulio nyuma yao tuwe watu wa kufikisha amana kabla haijachelewa. Amin.